HeroQuest na Michezo ya Mahandaki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Michezo ya mahandaki ni michezo ya namna gani?

Ni michezo ya ubaoni ambamo kundi dogo la wachezaji, kila mmoja akiwa na shujaa wake, huingia katika majengo ya chini ya ardhi yenye vyumba, korido, mitego na viumbe wa kutisha, wakitafuta hazina, adui fulani au mtu wa kuokolewa, kisha wakijaribu kutoka wakiwa hai. Katika chesi, dama au bao, wachezaji wote wawili huona kilichopo ubaoni tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa sehemu kubwa ya ubao haijulikani mpaka shujaa afungue mlango. Majibu mengi yanayofuata yanarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu mvuto wa michezo hii hautokani sana na mapambano wala na visanamu, ingawa vyote viwili vinapendeza. Unatokana na mlango uliofungwa na, katika michezo iliyo bora, na mtu aliyeketi upande wa pili wa meza ambaye anajua kilichoko nyuma yake.

Ilianzia wapi?

Ilianzia Marekani, miongoni mwa watu waliokuwa wakicheza michezo ya vita kwa visanamu vya askari vya madini ya risasi na vya plastiki. David Megarry, aliyekuwa mmoja wa wachezaji wa Dave Arneson huko Minnesota, alibuni mchezo ulioitwa Dungeon! mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kampuni ya TSR ikauchapisha mwaka 1975, mwaka mmoja baada ya Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika wa Gary Gygax na Arneson. Kwa hiyo mchezo wa ubaoni na mchezo wa kuigiza wahusika vilikulia nyumba moja, jambo ambalo husahauliwa na wanaodhani kwamba wa kwanza ni nakala iliyorahisishwa ya wa pili.

Ulaya nayo haikukaa kimya. Talisman ya Robert Harris ilitoka Uingereza mwaka 1983. Sweden ilitoa Drakborgen mwaka 1985, mchezo ambao baadaye ulijulikana kwa Kiingereza kama DungeonQuest. Mwaka 1989 ndipo ilipotoka HeroQuest, iliyobuniwa na Stephen Baker wa kampuni ya Milton Bradley kwa ushirikiano na kampuni ya Games Workshop, na mwaka uliofuata ikaingia Amerika ya Kaskazini.

Kwa nini HeroQuest hutajwa kuliko mingine yote?

Sababu ya kwanza ni ya kibiashara. Milton Bradley ilikuwa kampuni ya michezo ya familia, na sanduku lake lilikaa kwenye rafu za maduka ya kawaida ya vitu vya watoto, mahali ambapo michezo ya mashabiki wachache haikufika. Mtoto aliyekwenda dukani kutafuta mchezo mwingine kabisa angeweza kurudi nyumbani na sanduku lenye visanamu 35, meza, makabati ya vitabu, kaburi na kiti cha enzi, vyote vikiwa vya kusimamishwa ubaoni.

Sababu ya pili ni kwamba kanuni zake ni chache kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuzisoma mchana na kuwafundisha wenzake jioni. Zamu ya shujaa ina mambo mawili tu: kusogea, na kutenda tendo moja, yaani kushambulia, kutumia uchawi, kutafuta hazina, kutafuta mitego, kutafuta milango ya siri au kutegua mtego. Hakuna jedwali la kupekua. Anayesita hushauriwa na wenzake, na mara nyingi ushauri huo ndio sehemu ndefu zaidi ya zamu.

Mashujaa ni akina nani?

Ni wanne. Barbarian ni mpiganaji wa nyikani mwenye alama 8 za mwili na 2 za akili. Kibeti ana alama 7 na 3, na anaweza kutegua mitego bila kununua vifaa. Elfi, kiumbe wa hadithi afananaye na binadamu, ana 6 na 4, pamoja na kadi tatu za uchawi. Mchawi ana 4 na 6, na hubeba kadi tisa. Kadi zote za uchawi ni 12, zimegawanywa katika makundi manne ya hewa, moto, maji na ardhi, na kabla ya safari kuanza Mchawi huchagua kundi moja, kisha Elfi huchagua moja, na mawili yaliyobaki huwa ya Mchawi. Mabishano huanza hapo, kabla ya mlango wowote kufunguliwa.

Mwendeshaji hufanya nini hasa?

Mwendeshaji ni mchezaji wa tano, na hushika nafasi ya mchawi mwovu, anayeitwa Morcar katika toleo la Uingereza na Zargon katika toleo la Amerika ya Kaskazini. Mbele yake husimama kizuizi cha kadibodi, na nyuma ya kizuizi hicho ameweka kitabu chenye ramani za safari 14. Ubao wenyewe haubadiliki kamwe: vyumba ni vilevile na korido ni zilezile katika kila safari. Kinachobadilika ni milango, samani, viumbe, mitego na njia zilizozibwa, na hayo yote yamo kwenye ramani ambayo mwendeshaji peke yake anaruhusiwa kuitazama.

Huu ni ubunifu ambao haujasifiwa vya kutosha. Kwa kuwa ubao ni uleule, wachezaji huona umbo la kila chumba kabla ya kukiingia. Wanajua kwamba kile chumba kikubwa cha katikati kipo, na kwamba siku moja watalazimika kukifungua. Wasichojua ni kama kina adui, kaburi au utupu. Shujaa anapofungua mlango, mchezo husimama kidogo. Mwendeshaji huinama kutazama ramani, hunyoosha mkono ndani ya sanduku na kuanza kupanga: kwanza meza, kisha kabati, kisha kiumbe mmoja, na wa pili, na wa tatu. Wote wanahesabu mikono yake inavyokwenda na kurudi. Kuna michezo mingi ya kompyuta inayofungua vyumba kwa kasi ya kupepesa jicho, lakini hakuna uliopata namna ya kuiga ucheleweshaji huu, kwa sababu utamu wake umo katika uso wa mtu anayejua na anayejizuia asicheke.

Kwa hiyo mwendeshaji ni adui au mwenzao?

Ni vyote viwili, na kanuni hazijaamua ni kipi zaidi. Kwa maandishi, yeye ni mpinzani: huendesha viumbe wote na hushinda pale mashujaa wanaposhindwa. Kwa mazoea, mwendeshaji anayefukuza Mchawi dhaifu kwa kila goblini (kiumbe mdogo mwovu) aliye naye atajikuta hana watu wa kucheza nao wiki inayofuata. Wale wanaodumu katika kazi hii huishia kuifanya kama wasimuliaji wa hadithi: hutisha na husimamisha pumzi, lakini wanataka hadithi ifike mwisho. Michezo iliyofuata ilijaribu kuondoa utata huo kwa kumpa mwendeshaji kadi na malengo yake ya ushindi, kama ilivyofanya Descent ya mwaka 2005, na ikapata ushindani mkali zaidi pamoja na mabishano mengi zaidi kuhusu kanuni.

Je, bahati haizidi akili katika mchezo huu?

Bahati ni nyingi, hilo halifichiki. Hata hivyo imepimwa kwa ustadi kuliko inavyoonekana. Dadu za mapambano hazina nukta bali picha: nyuso 3 zina fuvu, 2 zina ngao nyeupe, na 1 ina ngao nyeusi. Mshambuliaji huhesabu mafuvu. Shujaa anayejikinga huhesabu ngao nyeupe, ilhali kiumbe anayejikinga huhesabu ngao nyeusi. Maana yake ni kwamba dadu moja ya kujikinga humsaidia shujaa mara moja katika kila mara tatu, na humsaidia kiumbe mara moja tu katika kila mara sita. Upendeleo kwa mashujaa umechorwa ndani ya dadu yenyewe, wala hauhitaji kanuni ya kukumbuka.

Chukua mfano wa goblini, anayejikinga kwa dadu moja na kufa kwa pigo moja. Barbarian hushambulia kwa dadu tatu, na uwezekano wake wa kumwangusha ni takribani asilimia 81. Mchawi, mwenye dadu moja, ana takribani asilimia 42. Tofauti hii haihitaji kuelezwa mezani. Baada ya milango miwili mitatu kila mtu ameihisi, na bila kuambiwa Mchawi huanza kukaa nyuma huku Barbarian akitangulia. Watu hujifunza mbinu kwa kuumia.

Kusogea ndiko kunakolalamikiwa zaidi, na kwa haki. Shujaa hutupa dadu mbili za kawaida, wastani wake ni miraba 7, lakini kuna siku mtu hupata 2 au 3 akiwa mbali na mapambano, akabaki anawatazama wenzake wakipigana. Viumbe, kwa upande wao, wana mwendo usiobadilika: goblini miraba 10, orki 8. Makundi mengi hujiwekea kanuni yao ya nyumbani hapa, kwa mfano kumpa kila shujaa idadi maalumu ya miraba. Si dhambi kufanya hivyo, ila kuna hasara moja: wachezaji wakijua hasa nani atafika mlangoni na lini, hofu ya kubaki nyuma peke yako kwenye korido hupungua.

Kwa nini kutafuta hazina husisimua kuliko hata kupigana?

Kwa sababu rundo la kadi za hazina limepangwa ili lizidi kuwa baya kadiri safari inavyoendelea. Chumba kikishakuwa hakina adui, shujaa anaweza kutumia zamu yake kutafuta, na huchukua kadi ya juu. Akipata dhahabu au dawa, kadi hiyo hutoka kwenye rundo. Akipata kiumbe anayezurura au hatari nyingine, anaumia, kisha kadi hiyo hurudishwa na rundo kuchanganywa upya. Kwa hiyo kila jema linalopatikana hupunguza mema yaliyobaki, ilhali mabaya hayapungui hata moja.

Wachezaji wengi hucheza miezi kadhaa kabla ya kuling'amua jambo hilo, na wakishaling'amua hawaachi kutafuta. Duka la silaha linawangoja baina ya safari. Katika toleo la Marekani na katika toleo jipya, shoka la vita huuzwa kwa dhahabu 450 na deraya ya mabamba kwa 850, na deraya hiyo humfanya mvaaji asogee kwa dadu moja badala ya mbili. Mtu anayehitaji dhahabu 40 tu ili anunue shoka hatapita chumba bila kukipekua, hata kama alama zake za mwili zimebaki mbili na wenzake wanamsihi aondoke. Tamaa hiyo haikuandikwa mahali popote katika kanuni. Imetokana na namna rundo la kadi linavyojilisha lenyewe.

Je, kinachoishikilia michezo hii si kumbukumbu za utotoni tu?

Kumbukumbu zina nguvu, na kampuni zinajua kuzigeuza fedha. Septemba 2020 Hasbro, wamiliki wa Milton Bradley tangu 1984, walianzisha mchango wa umma wa kulirudisha sanduku hilo chini ya jina la Avalon Hill, wakiweka lengo la dola milioni 1. Michango ilizidi dola milioni 3. Ni vigumu kuamini kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo haikutoka kwa watu wazima waliokuwa watoto mwaka 1989.

Lakini kumbukumbu hueleza kwa nini mtu ananunua, hazielezi kwa nini anacheza mara ya pili. Michezo mingine ya miaka ileile iliyotangazwa kwa nguvu kwenye televisheni imebaki kuwa mapambo ya wakusanyaji. Toleo jipya la HeroQuest liliingia madukani mwaka 2021 na likaendelea kupata vifurushi vya safari mpya, na watoto wanaolicheza sasa hawana cha kukumbuka. Wao hushangazwa na mlango uleule.

Toleo jipya linatofautianaje na la zamani?

Moyo wake haukuguswa. Tofauti kubwa inatokana na haki miliki: baadhi ya viumbe na majina ya mwaka 1989 yalitoka katika ulimwengu wa kubuniwa wa Games Workshop, ambao hawakushiriki mara hii, kwa hiyo kiumbe aliyeitwa Fimir akaondolewa na wapiganaji wa Chaos wakapewa jina jipya la Dread. Visanamu vimechongwa kwa undani zaidi. Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba katika toleo la kwanza la Ulaya kila kiumbe wa kawaida alikufa kwa jeraha moja, ilhali toleo la Marekani, na jipya linalolifuata, huwapa wenye nguvu alama zaidi, kwa mfano 2 kwa maiti aliyekaushwa na 3 kwa pepo wa jiwe. Wanaopenda mchezo wa haraka bado huchagua hesabu ya Ulaya.

Programu ya simu inaweza kuchukua nafasi ya mwendeshaji?

Inaweza kuendesha mchezo. Toleo jipya lina programu ya bure inayomchezea Zargon, ili wote mezani wawe mashujaa, na kwa mtu aliye peke yake au familia ambayo hakuna anayetaka kukaa nyuma ya kizuizi, ni msaada wa kweli. Descent: Legends of the Dark ya mwaka 2021 ilikwenda mbali zaidi, ikaifanya programu kuwa ya lazima.

Kinachopotea ni kile kilichoelezwa juu. Simu haijizuii kucheka. Haioni kwamba mtoto wa miaka minane amebakiwa na alama moja na kwamba goblini anaweza, bila kuvunja kanuni yoyote, kumgeukia Barbarian badala yake. Pia kuna swali la umri wa vitu: sanduku la 1989 lisilohitaji umeme linachezeka leo kama siku lilipouzwa, na si hakika kwamba mchezo unaotegemea programu utaweza kusema hivyo baada ya miaka 30.

Gloomhaven na michezo mingine ya kisasa si bora zaidi?

Kama mitambo, ndiyo. Gloomhaven ya Isaac Childres, iliyotoka mwaka 2017, iliondoa dadu kabisa. Kila zamu mchezaji huchagua kadi mbili, hutumia nusu ya juu ya moja na nusu ya chini ya nyingine, na kadi zinazoisha mkononi ndizo saa inayomhesabia muda wa kuishi. Ni ubunifu wa hali ya juu, na sanduku lake lina uzito wa takribani kilo 10. Anayependa kufikiri kwa kina atapata huko raha ambayo HeroQuest haiwezi kumpa.

Hata hivyo, kadiri mchezo unavyomtaka kila mtu kufanya hesabu yake, ndivyo meza inavyonyamaza. Kwenye Gloomhaven watu hutazama kadi zao. Kwenye HeroQuest hutazamana. Hilo linatosha kueleza kwa nini nyumba nyingi zina yote mawili, na kwa nini lile jepesi ndilo linaloshushwa rafuni wageni wanapokuja.

Kuna michezo ya aina hii isiyokuwa na huruma?

DungeonQuest ni mfano ulio safi. Wachezaji huingia kupitia minara iliyo kwenye pembe za ngome, huweka vigae vya vyumba kwa kubahatisha, na hujaribu kufika katikati, ambako joka limelala juu ya hazina. Jua likizama mtu akiwa bado ndani, amekufa. Wengi hufa mapema zaidi, wengine zamu ya pili, bila kosa lolote. Anayeuchukulia kama shindano la akili ataukasirikia. Anayeuchukulia kama namna ya kujua nani atakufa kwa kichekesho zaidi atauomba tena.

Unachezwa na watu wangapi, kwa muda gani?

Wawili hadi watano, na safari moja huchukua saa moja hadi mbili hivi. Toleo jipya limeandikwa kuwa la kuanzia miaka 14, lakini watoto wadogo zaidi humudu vizuri wakiwa na mtu mzima.

Inawezekana kuucheza kwa Kiswahili ilhali kila kitu kimeandikwa kwa Kiingereza?

Inawezekana, na kwa urahisi kuliko michezo mingi ya kisasa. Maandishi marefu yote yamo katika kitabu cha safari, na kitabu hicho husomwa na mwendeshaji peke yake. Akiwa anasoma Kiingereza, anaweza kusimulia kwa Kiswahili chake mwenyewe, na hakuna atakayekosa kitu. Dadu zina picha, samani zinajieleza, na kadi za uchawi ni chache kiasi cha kuandikiwa maelezo kwenye vipande vya karatasi. Hadhira iliyozoea kuitikia "pakawa" haihitaji mafunzo ya namna ya kumsikiliza mwendeshaji. Na misukule ikitokea kwenye korido, hakuna atakayeuliza ni viumbe gani.

Nianze na mchezo upi, na nianzeje?

Anza na HeroQuest ya sasa, kwa sababu inapatikana mpya na kanuni zake ni zile zilizozungumzwa hapa. Matoleo ya zamani huuzwa ghali, na mara nyingi yana vipande vilivyopotea. Mpe uendeshaji mtu anayependa kusimulia, wala si yule anayependa kushinda. Safari ya kwanza, yenye pepo wa jiwe aitwaye Verag, ni ngumu kuliko inavyotarajiwa kwa mwanzo, na makundi mengi hupoteza shujaa humo. Kwa hiyo waambie wachezaji mapema kwamba kufa si mwisho, na kwamba shujaa mpya wa aina ileile anaweza kuanza safari inayofuata. Kama mbali na mwendeshaji kuna wachezaji wawili tu, kila mmoja ashike mashujaa wawili. Safari zimepimwa kwa mashujaa wanne, na kundi pungufu huishiwa alama za mwili kabla ya kufika chumba cha mwisho.